Mvua Inayoamua Mavuno ya Kahawa Kagera

Kahawa inayoanikwa Muleba mwezi Julai ni matunda ya mvua iliyonyesha mwaka uliotangulia. Robusta, kahawa inayotawala Bukoba na Muleba, huchukua miezi 9 hadi 11 tangu ua lifunguke hadi tunda liwe jekundu. Mkulima anapofunga magunia yake, sehemu kubwa ya hesabu ya mwaka ilikwisha kupangwa zamani, katika wiki chache za jua na mvua ambazo huenda hakuzitilia maanani.

Mkulima wa zabibu wa Dodoma anaweza kuuamsha mzabibu kwa mkasi. Akishaupogoa, unachipua, unachanua na kuzaa, ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Mbuni wa Kagera hauamshwi hivyo. Unaamshwa na mvua, tena ile inayofuata kiangazi cha kutosha.

Ziwa linalonyesha alfajiri

Mji wa Bukoba uko ukingoni mwa Ziwa Victoria, mita zipatazo 1,150 kutoka usawa wa bahari, na hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ni sehemu chache za Tanzania zinazopata kiasi hicho. Chanzo chake ni ziwa lenyewe. Usiku ardhi hupoa upesi kuliko maji, na upepo wa nchi kavu huvuma kutoka kila upande kuelekea ziwani. Hewa hiyo hukutana juu ya maji yenye joto, hupanda ikiwa imebeba unyevu, na mawingu ya radi hujengeka. Kisha upepo wa mashariki huyasukuma hadi ufuko wa magharibi, ilipo Bukoba. Kwa hiyo radi za Bukoba hupiga sana alfajiri na asubuhi, saa ambazo sehemu nyingi za nchi zina anga tulivu. Ukivuka vilima kuelekea Karagwe, mvua hupungua kwa kiasi kikubwa.

Mahali penye maji mengi namna hiyo, kinachokuwa adimu ni ukavu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kina thamani kwa kahawa ya Bukoba sawa na masika ya Machi hadi Mei.

Ua la siku chache

Shika tawi la mbuni mwishoni mwa kiangazi. Kwenye kila kifundo, pale jani linapoota, utaona vitumba vya kijani vyenye urefu wa milimita chache, vimebanana. Vimekwisha kuumbika, lakini vimesimama. Havikui wala havidondoki. Kiu ya wiki kadhaa ndiyo inayoviweka tayari. Mvua nzuri ikinyesha, maji hupanda hadi kwenye kitumba, homoni za ukuaji huongezeka, na baada ya siku 7 hadi 10 vitumba hufunguka kwa pamoja. Shamba zima huwa jeupe na kunukia asumini. Baada ya siku mbili tatu maua hunyauka.

Siku hizo ni za hatari. Arabika ya Kilimanjaro hujichavusha yenyewe, lakini robusta haiwezi. Chavua ya mti mmoja haifai kwa maua ya mti huohuo. Lazima itoke kwenye mbuni wa ukoo mwingine, ikiletwa na upepo au nyuki. Mvua kubwa ikipiga asubuhi ya kuchanua, chavua hulowa na kuoshwa, nyuki hubaki mizingani, na maua mengi hupukutika bila kuacha tunda.

Manyunyu nayo yana madhara yake. Mvua ikija kidogokidogo bila kiangazi cha kweli, vitumba hufunguka kwa mafungu: vingine leo, vingine baada ya wiki tatu. Miezi kumi baadaye tawi moja hubeba matunda mekundu, ya njano na mabichi, na mkulima hulazimika kurudi kwenye mti uleule mara kadhaa. Asiye na watu wa kumsaidia hukamua tawi zima kwa mkupuo, na kahawa mbichi huingia pamoja na mbivu.

Punje inapojaa

Baada ya uchavushaji, tunda hukaa dogo kwa wiki kadhaa, kisha huanza kutanuka kwa kasi. Hapo ndipo vuli inapohitajika. Maji yakiadimika wakati huo, chumba cha punje hubaki kidogo, na ganda lake la ndani likishakuwa gumu, hata masika mazuri hayawezi kuikuza. Masika hujaza kile ambacho vuli ilikitengea nafasi.

Wahaya, wenyeji wa huku, walijenga kinga yao dhidi ya misukosuko hiyo: kibanja. Migomba huupa mbuni kivuli, majani yake makavu hutandazwa chini kuhifadhi unyevu, na samadi hurudisha rutuba ambayo mvua nyingi huiosha ardhini. Kinga hiyo ina kazi kubwa zaidi sasa. Mwaka 2020 watafiti waliochunguza karibu mashamba 800 ya Vietnam na Indonesia walionyesha kwamba robusta huzaa vizuri zaidi pale ambapo wastani wa joto la mwaka hauzidi nyuzi 20.5 za sentigredi, na kila nyuzi moja inayoongezeka msimu wa ukuaji huendana na upungufu wa mavuno wa takriban asilimia 14. Wastani wa Bukoba uko kati ya nyuzi 20 na 21. Tuko ukingoni, na kukata migomba ili kupanda kahawa peke yake ni kuisogeza mibuni kwenye jua.

Jua la kuanikia

Kahawa nyingi ya Kagera hukaushwa na maganda yake, juu ya turubai, jamvi au kichanja, hadi unyevu ushuke kufikia kama asilimia 12. Kiganja huweza kupima: punje zilizokauka hugongana ndani ya ganda ukizitikisa. Masika yakichelewa kuondoka, kahawa iliyoanza kukauka hulowa tena, ukungu huota, na bei hushuka kabla mzigo haujafika kwenye chama cha msingi cha ushirika.

Kwa elimu hiyo, butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini, inaonekana ilivyo. Anayeuza kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa sababu ya ada ya shule au matibabu, anauza wakati ambao mti wake umepitia hatua moja tu. Vuli, masika na jua la kuanikia bado havijaja, na mnunuzi hujilinda kwa kulipa bei ya chini kabisa. Serikali imepiga marufuku butura, lakini marufuku haiwezi kumlipia mtu ada. Mkopo wa chama unaotolewa msimu wa maua unaweza.

Mkulima naye anaweza kuanza na kalenda ya ukutani. Aandike siku mvua ya kwanza nzito ilipoikuta mibuni katika ukavu, na siku kibanja kilipochanua. Ahesabu miezi kumi, aweke turubai na wachumaji tayari, na autazame utabiri wa vuli na masika wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa jicho la mtu anayejua kila mvua inafanya nini ndani ya tunda lake. Akifika kwenye mizani na hesabu hiyo mkononi, ni vigumu kumpunja.