Picha Zinazosogea: Pa Kuanzia kwa Kijana Mbunifu

Kijana anayetaka kutengeneza matangazo ya biashara kwa kompyuta hahitaji programu ya bei ghali, wala nakala ya wizi ambayo mara nyingi huja na virusi. GIMP, iliyoanzishwa mwaka wa 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hupatikana bure kwenye tovuti ya gimp.org.

Kazi yote imo katika matabaka. Tuseme muuza mitumba anataka neno "Leo" liwake na kuzima juu ya picha ya kibanda chake. Tabaka la chini ni picha yenyewe. La juu ni nakala yake, ikiongezwa neno. Faili ikitolewa kama GIF na kisanduku cha uhuishaji kutiwa alama, matabaka huonekana kwa zamu, kuanzia la chini. Milisekunde 500 kwa kila moja zatosha. Kasi zaidi huumiza macho.

GIF hubeba rangi 256 tu kwa kila picha, basi nyuso hupoteza uhalisia kidogo. Upana wa pikseli 480 wafaa simu. Faili ikiwa nzito, mteja anayehesabu bando ataipita kabla haijafunguka.

Nakala ya XCF nayo ihifadhiwe, maana bei zikibadilika wiki ijayo, bila hiyo kazi itaanza upya.