Tujiandae Kuzilinda Nyumba Zetu



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapendwa, katika fiqhi upo mlango wa kumzuia mshambuliaji. Tukiusoma, huja swali linalotugusa sote: mwizi akivunja mlango usiku wa manane, watu wa nyumba wafanye nini?

Kwanza, ulinzi huanza kabla ya kulala. Katika Hadithi aliyoipokea Jabir bin Abdillah (r.a.), Mtume (s.a.w.) ametufundisha tuwazuie watoto ndani usiku unapoingia, tufunge milango kwa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, tufunike vyombo na tuzime taa. Basi kila usiku awepo mmoja wa kukagua makomeo, madirisha na jiko. Ufunguo wa mlango wa nondo ukae mahali pamoja panapojulikana na wote, hata watoto, kwani mlango unaomzuia mwizi hutufungia sisi ndani moto ukizuka.

Pili, tukubaliane mapema. Watoto wakimbilie chumba gani? Nani atamchukua bibi na mtoto mchanga? Nani atapiga simu? Namba za majirani ziandikwe ukutani, pamoja na 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto kwa sisi wa Tanzania. Kisha tufanye mazoezi mchana, siku ambayo wote tupo.

Tatu, tujue mipaka. Imo katika Bukhari na Muslim kwamba anayeuawa akiitetea mali yake ni shahidi. Wengi wetu huishia hapo. Lakini Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu mashuhuri cha madhehebu yetu ya Shafi, amepanga daraja. Ikiwa maneno au kuita msaada kunatosha, kupiga ni haramu. Ikiwa mkono unatosha, fimbo ni haramu. Ikiwezekana kukimbia, basi ni wajibu kukimbia. Tena kuitetea mali ni ruhusa, si wajibu, ama kuitetea heshima ya mwanamke ni wajibu. Kwa hiyo mwenye panga akitaka televisheni, aichukue aende zake. Televisheni hununuliwa nyingine, baba hanunuliwi.

Nne, mwizi akikimbia au akishikwa, kujitetea kumekwisha. Kumpiga mawe au kumvisha tairi la moto ni dhulma na ni kuua, hata kama mtaa mzima umeshiriki. Sheria ya nchi nayo inaruhusu nguvu ya kadiri tu. Afungwe kamba, polisi waitwe. Na tusimruhusu mtoto atoke kwenda kutazama.

Ndugu wanafunzi, leo baada ya Isha muulizeni baba au mama swali moja tu: ufunguo unakaa wapi? Kama watu wa nyumba wana majibu mawili, kazi ya kujiandaa bado haijaanza.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.