PADRI NA KADHI: NANI ALIYEKIANDIKA KISWAHILI?

Muhula wa kwanza kulizuka mzozo darasani mwetu, mwalimu akiwa bado hajafika. Mwenzetu mmoja alisema eti Kiswahili hakikuwa na maandishi mpaka wamisionari walipokuja. Mwingine, ambaye babu yake ni mwalimu wa chuo, aliruka juu: "Wewe! Na wazee wetu walikuwa wakiandika nini?" Nusura washikane mashati. Mimi nilinyamaza, kwani sikuwa na jibu. Basi chama chetu kiliponipa ukurasa huu nikaona nilitafute.

Ukweli ni kwamba Kiswahili kiliandikwa zamani sana, kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1728 Mwengo wa Athumani wa Pate alikuwa amekwisha tunga na kuandika Utendi wa Tambuka. Kwa hivyo mwenzetu wa kwanza ameshindwa mapema. Lakini msimshangilie wa pili bado, maana hizi a, b, ch tunazoandika leo zina kisa chake.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810. Alikuwa padri aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza, na kabla ya kuja kwetu alifanya kazi Ethiopia akafukuzwa. Mwaka 1844 alifika Unguja, Sultani Seyyid Said akampa barua ya kumtambulisha, naye akaja Mombasa na mkewe Rosine. Hakukaa bure. Mwezi wa Juni mwaka huo huo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Na je, ni nani aliyemsaidia? Ni Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohidini, mwenye asili ya Barawa!

Hebu fikiria jambo hilo. Padri amekuja kuhubiri Ukristo, na anayeketi naye kutafuta maneno ya Kiswahili ni hakimu wa Kiislamu. Kadhi alijua wazi kitabu hicho kilikuwa cha nini. Hata hivyo alisaidia. Sijui kama leo jambo kama hilo lingepita bila maneno mtaani.

Mwezi uliofuata msiba ulimwangukia Krapf. Mkewe alijifungua mtoto wa kike, homa ikamshika, akafa Julai 1844. Mtoto naye akafa siku chache baadaye. Padri mwenyewe alikuwa hoi kitandani kwa homa hiyo hiyo. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, na sisi wanafunzi wa kutwa tunaopanda matatu za Nyali tunapita karibu na hapo kila asubuhi bila kugeuza shingo. Mtu mwingine angepanda chombo cha kwanza arudi kwao. Krapf alirudi kwenye maneno yake.

Mwaka 1846 Johannes Rebmann alimfuata, wakahamia Rabai. Habari za milima mnazijua kutoka somo la Historia: Rebmann aliona Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akaona Mlima Kenya mwaka 1849 akiwa Ukambani. Lisiloandikwa sana katika madaftari yetu ni safari ya 1851. Mwenyeji wake, Kivoi, aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana. Krapf akatoroka peke yake porini, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki na mfuko wa darubini. Miiba ikazibua mtutu, maji yakamwagika.

Waliobatizwa walikuwa wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole. Ukimpima kwa hesabu hiyo, padri huyu alishindwa. Lakini mwaka 1850 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, yeye akiwa amefariki Novemba 1881. Inasemekana alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Sasa turudi kwenye herufi. Krapf alichagua za Kirumi kwa makusudi. Alihofia kwamba herufi za Kiarabu zingeufungulia Uislamu mlango kuelekea bara. Hapo mimi simsifu. Kadhi alimpa maneno, naye akayavua kanzu yaliyokuja nayo! Ila haki yake nayo tumpe: herufi za Kiarabu, jinsi zilivyotumiwa, hazikutenganisha vizuri p na b, wala e na i. Msomaji alipaswa kuijua lugha kwanza ndipo asome.

Baada yake alikuja padri mwingine wa CMS, William Taylor, naye alitenda tofauti. Aliketi na mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdalla. Sikujua alikusanya mashairi ya Muyaka kutoka kwa wazee walioyakumbuka, akayaandika kwa herufi za Kiarabu pamoja na maelezo, na Taylor akayahifadhi na kuyageuza kwa herufi za Kirumi. Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840, kwa hivyo wakumbukaji nao walikuwa wakiisha mmoja mmoja. Diwani ilitoka mwaka 1940. Taylor pia alichapa kitabu cha methali za Waswahili mwaka 1891, na bila shaka nyingi tunazotiliwa alama katika insha zimo humo.

Nilipowasomea wenzangu wawili habari hizi, wa kwanza alicheka akasema wametoka sare. Wa pili hakukubali. Amesema Jumamosi atanipeleka kwa babu yake aniandikie jina langu kwa herufi za zamani. Lina p na ch ndani yake, na babu ameshatuma salamu kwamba hapo patakuwa na kazi.