Kupima Programu Bila Kukaa na Mtumiaji: Skrini na Sauti Zinatuambia Nini?

Chukulia kliniki fulani imeweka fomu ya miadi mtandaoni. Mgonjwa anachagua siku, anachagua saa, anatuma. Baada ya wiki moja, kwenye orodha yanaonekana maombi ya kumwona daktari saa 03:00, yaani saa tisa usiku. Mtu wa kompyuta anaguna: "Hawa watu hawasomi." Anaongeza ujumbe mwekundu unaosema saa si sahihi. Wiki inayofuata watu wanaanza kuiacha fomu katikati.

Sasa tuseme mmoja wa wale waliojaza fomu alikuwa anarekodi skrini ya simu yake pamoja na sauti. Skrini inaonyesha kidole kikienda moja kwa moja kwenye 03:00. Sekunde hiyohiyo, sauti inasema: "Haya, saa tatu asubuhi, ndio hii." Kumbe! Mtu huyu alikuwa makini kabisa. Alitumia saa ya Kiswahili, ile tunayoitumia nyumbani kila siku, na fomu ilikuwa inangoja 09:00. Ukiangalia skrini peke yake utamwona mtu mzembe, na ukisikiliza sauti peke yake utadhani mambo yameenda vizuri. Ukiziweka pamoja ndipo unaona kosa liko wapi, na kwamba mwenye kosa si mgonjwa.

Leo tuangalie njia hii ya kupima: mtu anapewa kazi ya kufanya kwenye programu au tovuti, anaifanya kwa muda wake mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe, huku skrini na sauti vikirekodiwa, na mtafiti hayupo. Ni njia rahisi kwa mwanafunzi asiye na maabara wala bajeti. Lakini urahisi wake una mitego.

Kwa nini mtu aongee peke yake?

Mbinu ya kumwomba mtu aseme anachofikiri wakati anafanya kazi inaitwa kufikiri kwa sauti, na ilitoka kwenye saikolojia. Mwaka 1980 K. Anders Ericsson na Herbert Simon walieleza ni lini maneno ya mtu yanaweza kuchukuliwa kama data, kisha wakaandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo mwaka 1984. Clayton Lewis, akiwa IBM, aliileta mbinu hii kwenye upimaji wa mifumo ya kompyuta mwaka 1982.

Hoja ya Ericsson na Simon ni hii. Mtu akisema kile kilichopo kichwani mwake wakati huohuo ("natafuta pa kubonyeza... hapa hapana... labda huku chini"), maneno yake yanafuata mwendo wa mawazo bila kuyabadilisha sana. Ukimwambia aeleze KWA NINI anafanya hivyo, unamtoa kwenye kazi na kumweka kwenye utetezi. Ataanza kutunga sababu, tena sababu nzuri, ambazo huenda hazikuwepo wakati anabonyeza.

Kwa hiyo maelekezo yasiseme "tueleze kwa nini umechagua hivyo". Yaseme: "Ongea kama unavyoongea na nafsi yako. Soma kwa sauti unachokisoma. Ukikwama, sema umekwama." Mtafiti akiwepo, mtu akinyamaza humkumbusha, "endelea kuongea". Hapa hakuna wa kukumbusha. Basi andika kikumbusho hicho mwanzoni mwa kila kazi, si mara moja tu pale juu.

Sauti ina faida nyingine kwetu sisi tunaotengeneza vitu kwa Kiswahili. Inakupa neno ambalo mtu analo mdomoni. Fomu imeandika "nywila", mtu anasoma "nywila...", ananyamaza sekunde sita, kisha anasema, "aaa, paswedi." Hizo sekunde sita ni matokeo ya utafiti. Vilevile "wasilisha" dhidi ya "tuma", au "pakia" dhidi ya "pakua", maneno ambayo yanafanana kiasi kwamba mtu anaweza kubonyeza moja akidhani ni lingine. Kamusi haiwezi kukuambia ni lipi linamkwamisha fundi cherehani wa Mbagala. Atakuambia mwenyewe akiwa anaongea.

Kazi iandikwe vipi?

Kwa kuwa hutakuwepo kufafanua, maandishi ya kazi ndiyo wewe. Angalia mfano huu mbaya: "Bofya Weka Miadi, chagua daktari wa meno, chagua Alhamisi." Hapo umeshampa majibu. Unachopima ni uwezo wake wa kufuata maagizo.

Sasa huu: "Mama yako anaumwa jino. Mtafutie nafasi ya kumwona daktari Alhamisi hii, saa tatu asubuhi. Ukiona umemaliza, sema 'nimemaliza'." Hakuna neno lililoazimwa kutoka kwenye vitufe, na mwisho unajulikana. Hilo "nimemaliza" ni muhimu kuliko linavyoonekana. Likisikika wakati fomu bado haijatumwa, umegundua tatizo baya kuliko yote: mtu ameondoka akiamini amehudumiwa, na siku ya miadi atamfikisha mama yake kliniki akute jina halipo.

Kazi tatu au nne zinatosha, jumla isizidi dakika 20. Halafu mpe mtu mmoja ajaribu kwanza kabla hujawatumia wengine. Sentensi moja yenye utata itaharibu rekodi zote, na hutajua hadi zimekufikia.

Vifaa na bando

Habari njema ni kwamba huhitaji programu ya kulipia. Simu za iPhone zimekuwa na uwezo wa kurekodi skrini tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na Android tangu toleo la 11 la mwaka 2020. Angalia jambo moja: maikrofoni mara nyingi huwashwa pembeni. Kwenye iPhone unabonyeza kitufe cha kurekodi kwa muda mrefu kidogo ndipo chaguo la maikrofoni linatokea. Usipolieleza hilo, utapokea video bubu.

Sasa tupige hesabu ya bando. Video iliyobanwa hadi megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 7.5 kwa dakika, kwa hiyo dakika 20 ni megabaiti 150. Simu nyingi zisipopunguzwa ubora hurekodi kwa kiwango kikubwa zaidi ya hicho, na faili linavimba mara kadhaa. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 kwa sekunde haifiki megabaiti 10 kwa dakika hizohizo 20. Maana yake ni kwamba mtu anayekusaidia anatumia bando lake la siku nzima kukutumia faili. Mpe hela ya bando kabla, si baada. Asiye na hela ya kutanguliza atakataa kimyakimya, na utabaki na rekodi za wenye Wi-Fi tu.

Simu ya mtu ni nyumba yake

Hapa naomba tusimame kidogo. Unaporekodi skrini ya mtu, hurekodi programu yako peke yake. Meseji ya pesa iliyoingia inajitokeza juu ya skrini ikiwa na kiasi na jina la aliyetuma. Ujumbe wa mpenzi unajitokeza. Mtoto analia nyuma, jirani anasimulia ugonjwa wake mlangoni. Hao wote hawakukubali kuwa kwenye utafiti wako.

Programu nyingi za benki huzuia skrini isirekodiwe, ndiyo maana ukijaribu unaona weusi mtupu. Lakini usitegemee ulinzi wa wengine. Fanya haya:

- Mwombe mshiriki azime arifa zote kabla ya kuanza, na umwonyeshe namna ya kufanya hivyo.
- Mpe akaunti ya majaribio yenye jina na namba za kubuni. Namba ya siri ya kweli isiandikwe wala kutamkwa popote.
- Mwombe akae sehemu tulivu, mwenyewe.
- Mwache aangalie rekodi yake kabla ya kuituma. Akiona kitu hakipendi, asitume, na bado hela yake ya bando ni yake.
- Mwambie nani ataitazama, itakaa wapi, na itafutwa lini. Kisha ifute kweli.

Sauti ya mtu inamtambulisha. Waliomzoea wataijua kwa sentensi mbili tu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote zinaugusa utafiti wa mwanafunzi pia. Ridhaa iandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, na iombwe kabla kitufe cha kurekodi hakijabonyezwa.

Watu wangapi?

Utasikia watu wakisema "watano wanatosha". Hesabu hiyo inatokana na kazi ya Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya mwaka 1993. Katika miradi waliyoichambua, mtumiaji mmoja kwa wastani aligundua asilimia 31 ya matatizo. Kwa kiwango hicho, watu watano wanafichua takriban asilimia 84.

Lakini 31 ni wastani wa miradi ile, si sheria ya maumbile. Chukua tatizo linalomgusa mtu mmoja kati ya kumi. Uwezekano wa kutokumwona kwa watu watano ni 0.9 mara yenyewe mara tano, yaani kama 0.59. Kwa hiyo nafasi ya kulikamata ni asilimia 41 tu. Ukiwa na watu 15 inapanda hadi 79. Ongeza kwamba bila msimamizi baadhi ya rekodi zitakuja bila sauti au zimekatika njiani. Alika zaidi ya idadi unayoihitaji.

Wakati wa kutazama, chora jedwali lenye safu nne: dakika, alichofanya, alichosema, na unachodhani wewe. Hiyo ya mwisho itenge kabisa na zingine. "Amekaa sekunde 12 kwenye ukurasa wa malipo" ni data. "Anaogopa kulipa" ni dhana yako, na huenda alikuwa anamjibu mtoto. Mkitazama wawili, kila mmoja ajaze jedwali lake kwanza, kisha mlinganishe.

Wasiosikika

Mwenye kitochi hayumo. Mwenye simu ya skrini iliyopasuka inayojaa kila siku hayumo. Bibi anayeshikiwa simu na mjukuu hayumo, na anayefikiri kwa Kisukuma lakini unamtaka aongee Kiswahili yumo nusu. Na mara nyingi hawa ndio huduma ilitengenezwa kwa ajili yao. Rekodi kumi nzuri za wanafunzi wa chuo hazikupi ruhusa ya kusema "watumiaji wameielewa".

Ninavyoona mimi, zigawe kazi hivi. Rekodi zikuonyeshe wanakokwama watu wenye simu na bando. Kwa waliobaki, nenda kwa miguu, kaa nao mkekani, waangalie. Hata wale wa rekodi, kukiwa na jambo usilolielewa, wapigie umuulize. Hakuna video inayojibu swali la pili.

Ukitaka kuanza wiki hii, chagua fomu moja ambayo watu wa kwenu wanaijaza kila mwaka, andika kazi tatu, na uwatafute watu wawili ambao hawasomi kozi yako. Dakika 40 za kuwasikiliza zitakutosha kujua cha kurekebisha kwanza.