Matembezi ya Jioni Mbele ya Maduka Madogo

Wahenga walisema, "Mtembezi hula miguu yake." Methali hiyo yamkaripia mzururaji, wala hatuipingi. Lakini yako matembezi yaliyo shule. Mwanafunzi aliye ugenini, akiisha kufunga vitabu vyake jioni na kupita polepole mbele ya maduka ya mtaa, huweza kujifunza mambo ambayo hakuna mwalimu wa kumwandikia ubaoni. Sisi tuliotoka Lubumbashi kwenda kusoma Ubelgiji tuliyaona hayo, nasi twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, hasa vijana wanaotazamia safari kama hiyo.

Kwanza tukumbuke kwamba kutembea jioni mbele ya maduka hakukuwa haki ya kila mtu. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Élisabethville hata mwaka 1966. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilitenga mji wa Wazungu na makao ya Waafrika, yaani Kamalondo ya leo, ikaacha ukanda mtupu katikati. Mchana babu zetu waliuvuka ukanda huo kwenda kazini. Usiku hawakuruhusiwa kuwa upande wa Wazungu pasipo kibali. Ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, yalikuwako maduka ambayo Mwafrika hakuingia kwa mlango: alihudumiwa kwenye kidirisha, hata watu wakachoka, wakayasusia maduka hayo katika miaka ya 1950. Basi kijana wa leo asimamaye mbele ya kioo cha duka, akatazama apendavyo, kisha akaingia kwa mlango wa mbele, ajue kwamba jambo hilo dogo lilikuwa na gharama.

Huko Bruxelles, jambo la kwanza lililotushangaza lilikuwa jua lenyewe. Kwetu jua huchwa karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Kule, mwezi wa Desemba, limekwisha kuchwa kabla ya saa kumi na moja. Na mwezi wa Juni hukawia hata saa nne za usiku. Jioni za baridi tulitembea kwa mwanga wa taa za maduka.

Katika kata ya Ixelles, karibu na Porte de Namur, uko mtaa uitwao Matonge, jina lililotoka Matonge ya Kinshasa. Chanzo chake ni wanafunzi. Kabla ya uhuru Wakongo waliosoma vyuo vikuu vya Ubelgiji walikuwa wachache mno. Thomas Kanza, aliyehitimu Louvain mwaka 1956, huhesabiwa kuwa wa kwanza miongoni mwa wasio mapadre. Karibu na wakati wa uhuru ilifunguliwa huko Ixelles nyumba iitwayo Maison Africaine, ili kuwapa malazi wanafunzi waliotoka Afrika ya Kati. Watu hufuata watu, na biashara hufuata tumbo. Wanafunzi walitafuta chakula cha kwao, vinyozi wa kwao na muziki wa kwao. Wauzaji wakaja, na mtaa ukakua. Tarehe 30 Juni 2018 uwanja mdogo ulio hapo Porte de Namur ulipewa jina la Patrice Lumumba.

Madirishani twaona vitenge, mafuta ya mawese, ndizi za kupika, samaki wa chumvi waitwao makayabu, mikate ya muhogo iliyofungwa kwa majani, na sombe iliyotwangwa ikagandishwa kwa barafu. Wenye maduka si Wakongo peke yao. Wako watu wa Afrika ya Magharibi, wako Wahindi na Wapakistani. Kilingala ndicho kisikikacho zaidi. Kwa hiyo mtu wa Katanga akisikia Kiswahili cha kwao mlangoni pa duka, hugeuka upesi kama aliyeitwa kwa jina lake.

Ndivyo mwenzetu mmoja alivyojuana na mama mmoja mwenye duka. Posho yake ya masomo ilikuwa imechelewa miezi miwili. Mama akafungua daftari, akaandika unga, sombe na mafuta. "Nenda ukale, mwanangu," akamwambia. "Mwenye njaa hasomi."

Posho ilipofika, mwenzetu huyo alikuwa amekwisha kupata nafasi ya masomo katika mji mwingine. Fedha zilitosha jambo moja tu: kulipa deni, au kulipa amana ya chumba kule aendako. Akatuambia, "Mama hajui niendako." Tulitembea naye barabara nzima jioni ile, wengine wakimhurumia, wengine wakimlaumu. Mwisho mmoja wetu, aliyetupita kwa umri, akasema, "Deni hili si lako peke yako, ndugu yangu. Kesho akija mtoto mwingine wa Lubumbashi na njaa yake, atakuta daftari limefungwa."

Hakujibu. Aliingia dukani, akazihesabu noti mbele ya mama. Mama akalifuta jina lake kwa mstari, kisha akamfungia mkate wa muhogo wa njiani. Kijana akaondoka na mfuko mwepesi, na wiki tatu alilala sakafuni kwa rafiki kabla ya kupata chumba.

Sisi watu wa Lubumbashi tuna sababu ya kulielewa jambo hili. Zamani maduka mengi ya mji wetu yalishikwa na Wagiriki, Wareno, Waitalia, na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa wananchi. Wengi waliopewa hawakuwa wamejifunza biashara. Waliuza vilivyokuwamo, wala hawakununua vingine. Rafu zikabaki tupu, na mwaka 1976 serikali ikakubali kuwarudishia wageni mali zao. Kumbe duka si kibao kilichoandikwa jina juu ya mlango. Duka ni hesabu ya kila jioni, ni bidhaa kununuliwa tena kabla hazijakwisha, na ni neno la mtu kuaminiwa na mwenzake.

Wazazi, wapelekeni watoto dukani wakajifunze kuhesabu chenji na kushukuru. Wake kwa waume wanaouza unga na samaki huko Kenya na Katuba hupata taabu kila bei ya mahindi ya Zambia inapopanda; anayewakopa akanyamaza huwavunja mgongo. Nawe mwanafunzi unayefunga sanduku kwa safari ya mbali, kabla ya kuwaaga jamaa, pita kwanza kwenye duka la mtaa wenu, ukaulize kama jina lako limo daftarini.