Mlango, Shingo na Ufa: Lugha katika Kinga ya Saratani ya Mlango wa Kizazi

Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani chache ambazo chanzo, mwendo na kinga yake vyote vinajulikana. Hata hivyo, kwa makadirio ya mwaka 2020, iliwaua wanawake zaidi ya 3,000 nchini Kenya katika mwaka huo mmoja. Sababu ni nyingi, ukiwemo uhaba wa vifaa na wahudumu. Makala haya yanashughulikia ile iliyo karibu zaidi na mwanafunzi wa lugha, yaani namna habari yenyewe inavyosemwa kwa Kiswahili.

Jina ndilo la kuanza nalo. Nchini Tanzania aghalabu husemwa 'shingo ya kizazi'. Kenya, 'mlango wa kizazi' au 'lango la uzazi'. Istilahi hizi zote hutaja sehemu ile ile nyembamba, iliyo chini ya mfuko wa uzazi, inayoungana na uke. Shingo hueleza umbo, mlango hueleza kazi, na hakuna ubaya katika yoyote. Tatizo huzuka msemaji anapoona haya akasema 'saratani ya uzazi' au 'ugonjwa wa akina mama'. Tasfida hiyo ina adabu, lakini pia ina gharama. Mwanamke aliyekwisha kuzaa anaweza kudhani haimhusu tena. Naye mzazi anayeambiwa kuwa bintiye wa miaka 10 atapewa 'chanjo ya kizazi' ana haki ya kuuliza ni kitu gani hasa kitakachoguswa.

Kinachokingwa ni maambukizi ya virusi, si uzazi. Karibu saratani zote za aina hii hutokana na virusi vya papiloma, HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mjerumani Harald zur Hausen alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuugundua uhusiano huo. Mara nyingi mwili huviondoa virusi hivi wenyewe. Kwa wanawake wachache husalia, vikazibadilisha chembe za mlango wa kizazi polepole, kwa kawaida kwa muda wa miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI asiyepata matibabu, muda huo unaweza kupungua ukawa miaka 5 hadi 10.

Muda huo ndio fursa ya kuokoa maisha, na hapa neno 'uchunguzi' linaleta utata. Katika mazoea ya Kiswahili, polisi humchunguza mshukiwa na daktari humchunguza mgonjwa. Basi mwanamke anayehimizwa kwenda kuchunguzwa huuliza, 'Kwani mimi naumwa nini?' Haumwi, na ndiyo sababu anaitwa. Methali 'Mficha maradhi kifo kitamuumbua' humjia mhamasishaji mdomoni upesi, lakini haifai: yamhusu mgonjwa anayejua ugonjwa wake. Ile ya ufa na ukuta, ijapokuwa imechakaa kwa kutumiwa, ndiyo inayolingana na sayansi. Chembe zilizobadilika ni ufa usiouma wala kutoa damu. Mwanamke anayetokwa na damu nje ya siku zake, baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi hapaswi kungoja kampeni yoyote. Anahitaji daktari mara moja.

Kuutafuta ufa huo si jambo gumu. Kipimo cha Pap, kinachotokana na jina la George Papanicolaou, hutazama chembe kwa hadubini na huhitaji maabara. Njia nyepesi ni kupaka mlango wa kizazi asidi ile iliyomo katika siki. Baada ya dakika moja hivi, sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Ufa mdogo huweza kugandishwa au kuunguzwa papo hapo, na mara nyingi mwanamke hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Chanjo huja kabla ya hayo yote. Kenya ilianza kuitoa kwa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Umri huo haukuchaguliwa kwa dhana mbaya juu ya watoto: chanjo huzuia maambukizi mapya, haiponyi ya zamani. Utafiti wa KEN SHE, uliowashirikisha wasichana na wanawake 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi, ulionyesha mwaka 2022 kuwa hata dozi moja hukinga vyema. Kwa kuwa chanjo haizuii aina zote za virusi, aliyechanjwa bado atapimwa akiwa mtu mzima.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza kipimo cha HPV kuanzia umri wa miaka 30, na 25 kwa wenye virusi vya UKIMWI. Uzuri wake ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani, sitara yake ikahifadhiwa. Lakini atahitaji maelezo. Karatasi inayosema tu 'sehemu za siri' haiwezi kumweleza kijiti kile kinaingizwa wapi, wala kwa kina gani.