Wafu Wasio na Sare

Katika mji wa Strasbourg, kwenye uwanja uitwao Place de la République, iko sanamu ya mama aliyewapakata wanawe wawili wanaokata roho. Ilizinduliwa mwaka 1936. Vijana hao hawana sare, hawana kofia ya chuma wala bunduki. Na chini yao yameandikwa maneno machache tu: "Kwa wafu wetu". Karibu kila mji mwingine wa Ufaransa, jiwe la ukumbusho husema kwamba wafu walikufa kwa ajili ya nchi yao. Hapa halisemi hivyo, kwani wangeandika nchi ipi?

Mji huo ni mji mkuu wa Alsace, nchi nyembamba iliyo kati ya milima ya Vosges na mto Rhine. Mwaka 1871 Wajerumani waliitwaa. Mwaka 1918 ikarudi kwa Wafaransa. Mwaka 1940 Hitler akaichukua. Na miaka ya 1944 na 1945 ikarudi tena Ufaransa. Mzee aliyezaliwa huko mwaka 1870 na kufa mwaka 1946 alibadilishiwa taifa mara nne, bila ya kuhamisha hata kitanda chake. Nasi tusidhani kwamba habari hizo ni za mbali mno, maana Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliowaondolea Wajerumani Alsace ndio huo huo uliowaondolea Tanganyika. Na katika vita hivyo Waafrika walipigana na Waafrika chini ya bendera mbili za kigeni, na wapagazi wetu wengi wakazikwa pasipo jina wala jiwe.

Basi mbele ya mama huyo wa Strasbourg husimama wanafunzi wa Kifaransa na wa Kijerumani wanaotembeleana. Ofisi ya Vijana ya nchi hizo mbili iliundwa mwaka 1963, baada ya mkataba wa de Gaulle na Adenauer, na tangu hapo imesaidia mamilioni ya vijana kuonana. Mgeni hulala nyumbani kwa mwenyeji, hula mezani pake, na mchana huenda pamoja naye kutazama makaburi. Wako wanaodhani kwamba safari za namna hiyo ni matembezi ya kupoteza fedha. Sisi hatukubali, maana swali linalowangojea vijana hao ni gumu kuliko mtihani wowote.

Swali lenyewe ni hili. Mwezi wa Agosti 1942 wakuu wa Hitler waliamuru vijana wa Alsace waingizwe kwa nguvu katika jeshi la Kijerumani. Aliyetoroka aliwaponza wazazi wake, ambao waliweza kuhamishwa na kupelekwa mbali. Watu wapata 130,000 wa Alsace na wa jimbo jirani la Moselle walivishwa sare ya adui, na wapata 40,000 hawakurudi. Walionusurika walikuta kwao Wafaransa wengine wanawatazama kwa jicho la shaka.

Tena shaka hiyo haikuwa bure. Tarehe 10 Juni 1944 askari wa SS waliwaua watu zaidi ya 640 katika kijiji cha Oradour, waume kwa wake na watoto wadogo. Kesi iliposikilizwa Bordeaux mwaka 1953, kati ya washitakiwa 21 walikuwako Waalsace 14, na 13 kati yao walikuwa wameingizwa jeshini kwa nguvu. Hao walihukumiwa, kisha katika mwezi huo huo Bunge likawasamehe. Alsace ilishukuru; Oradour ililia kwa hasira. Nani alikuwa na haki? Sisi twaona kwamba kulazimishwa kuvaa sare ni jambo moja, na kuwapiga risasi watoto ni jambo jingine. Lakini hatukuwa pale.

Wanafunzi hupelekwa pia Niederbronn, penye makaburi ya Wajerumani zaidi ya 15,000. Kando yake iko nyumba ya mikutano ya vijana, iliyopewa jina la Albert Schweitzer, na humo husoma maisha ya mtu mmoja mmoja aliyezikwa pale: kazi yake, barua zake, umri wake. Na karibu na Colmar, kilimani Sigolsheim, wamelazwa askari wa jeshi la Ufaransa wapata 1,600 waliokufa katika vita vya mwisho vya kuikomboa Alsace, na karibu nusu yao ni watu wa Afrika ya Kaskazini. Katika shule za Strasbourg wako watoto wengi ambao babu zao walitoka Algeria na Morocco. Mtoto wa namna hiyo, aliyezoea kuambiwa kuwa ni mgeni, husoma pale majina kama ya ukoo wake.

Jambo moja tu latutia wasiwasi. Mtu akiyatembelea makaburi mengi kwa juma moja, huweza kurudi nyumbani akidhani kwamba wote walioteseka ni sawa. Juu ya milima hiyo hiyo iko kambi ya Struthof, iliyofunguliwa na Wanazi mwaka 1941. Kambi hiyo na matawi yake zilipitiwa na wafungwa wapata 52,000, na maelfu kwa maelfu yao walikufa. Hawa hawakuvaa sare ya jeshi lolote. Kama sisi tungeulizwa na walimu, tungeomba siku ya kwanza iwe ya Struthof, na Niederbronn ifuate baadaye.